Sinema Iliyoanza kwa Masikio: Maisha na Kazi ya Isaac Nabwana, Mwongozaji wa Filamu za Mapigano

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu wataalamu wa fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki wamekuwa wakilalamika kwamba vyombo vipya vya burudani vinamnyang'anya mtambaji hadhira yake. Redio, sinema, na baadaye mikanda ya video, vimeelezwa kuwa ni wageni waliokaribishwa barazani wakaishia kumtoa mwenye nyumba. Vijana, hoja hiyo yadai, wameliacha jiko la bibi na kukimbilia banda la video, na huko hawasikii ngano tena bali milio ya bunduki kutoka Marekani na vishindo vya ngumi kutoka Hong Kong.

Makala hii inaipima hoja hiyo kwa kuchunguza maisha na kazi ya mtu mmoja, Isaac Nabwana, mwongozaji wa filamu za mapigano wa mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala, Uganda. Filamu za mapigano zimechaguliwa kwa sababu ndizo zinazotuhumiwa zaidi kuliko aina nyingine zote. Ikiwa mtambaji anaweza kuonekana hai ndani yake, basi itakuwa vigumu kudai kwamba amekufa mahali pengine. Inadaiwa hapa kwamba kwa Nabwana sinema ilikuwa masimulizi kabla ya kuwa picha, na kwamba filamu yake mashuhuri kuliko zote ipo leo katika umbo la masimulizi peke yake. Mtambaji hakufukuzwa, alibadilisha kiti tu.

Jambo hili lina uzito wa pekee likitazamwa kutoka mashariki mwa Kongo. Mtu wa Nyamitaba, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, anaishi mahali ambapo Kiswahili, Kinyarwanda na Kihunde hukutana, na ambapo bunduki si kifaa cha mchezo. Tangu mapigano ya mwaka 1993, yaliyozuka Walikale na kuenea Masisi, hadi kutekwa kwa Goma na kundi la M23 mwezi Januari 2025, vizazi viwili vimekua vikisikia risasi za kweli. Mtu huyo ana haki ya kuuliza filamu inayoifanya risasi kuwa kichekesho inamhusu nini. Swali hilo litajibiwa katika sehemu ya 6.0, baada ya kueleza maisha ya mwongozaji, namna anavyofanya kazi, na nafasi ya msimulizi katika filamu zake.

2.0 Utoto: filamu za kusikia

Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana alizaliwa Wakaliga mwaka 1973. Ilikuwa miaka miwili baada ya Idi Amin kutwaa madaraka kwa nguvu, na ndiyo mwaka ambao utawala huo ulitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Nabwana alikulia katika miaka ya Amin, ya Obote wa pili, na ya vita vya msituni vilivyomalizika mwaka 1986. Wakaliga ulikuwa, na ungali, mtaa wa watu wa kipato cha chini, wenye mitaro ya maji machafu na nyumba zilizosongamana.

Katika utoto wake hakuwa mwenda sinema. Waliokwenda ni kaka zake. Wao walitazama filamu, kisha walirudi nyumbani na kumsimulia mdogo wao waliyoyaona: nani alimpiga nani, gari lilirukaje, shujaa aliponaje. Mtoto alisikiliza na kujichorea picha mwenyewe kichwani. Majina ya Bud Spencer na Chuck Norris yalimfikia kwa njia hii, jinsi majina ya Sungura na Fisi yanavyomfikia mtoto mwingine.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuitazama hali hii kwa makini. Kuna fanani, ambaye ni kaka. Kuna hadhira, ambayo ni mdogo mtu. Kuna kisa, ambacho asili yake ni ya mbali sana, lakini sasa kimetiwa katika Kiganda, kikapunguzwa hapa na kuongezwa pale kwa kadiri ya kumbukumbu na ufundi wa msimulizi. Kaka anayesimulia filamu hawezi kuonyesha mandhari ya Texas wala kurudia mazungumzo ya Kiingereza neno kwa neno. Anachoweza kukileta nyumbani ni tendo, na sauti ya tendo, na mshangao. Filamu ikipitishwa katika chujio hilo hubaki mifupa yake: adui, shujaa, pigo, mkimbizano, kicheko. Ni mifupa hiyohiyo ambayo Nabwana aliivika nyama alipokuwa mtu mzima, na ndiyo maana filamu zake, hata zinapofuata mtindo wa Marekani, hazifanani nao.

3.0 Kutoka matofali hadi kamera

Kabla ya kuwa mwongozaji Nabwana alikuwa mfyatuaji wa matofali. Kazi hiyo ilimpa riziki, na fedha iliyotokana nayo ndiyo iliyomwezesha kuanza. Alijifunza ufundi wa kutengeneza kompyuta, kisha akajifundisha mwenyewe uhariri wa picha. Mwaka 2005 alianzisha kampuni aliyoiita Ramon Film Productions, jina lililoundwa kutokana na majina ya bibi zake, Rachel na Monica. Mkewe, Harriet, amekuwa mshirika wake katika uendeshaji wa kazi hiyo tangu siku za mwanzo. Baadaye majina ya Wakaliga na Hollywood yaliunganishwa likapatikana Wakaliwood, na jina hilo la utani ndilo lililoshika.

Mwanzo huo haukuwa wa bahati tu. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 mashine za video zilikuwa zimeenea Afrika ya Mashariki, na katika kila mtaa wa mji palikuwa na chumba chenye mabenchi, televisheni moja, na kiingilio kidogo. Watanzania huviita vyumba hivyo mabanda ya video. Waganda huviita bibanda, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Katika miaka ya 2000 kamera za dijitali na kompyuta zilizokwisha kutumika zilishuka bei, na mtu aliyekuwa mtazamaji wa kibandani akaweza, kwa mara ya kwanza, kuwa mtengenezaji. Nigeria ilikwisha kutangulia kwa filamu zake za video tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania ilifuata. Lakini wengi wa watengenezaji hao walichagua hadithi za mapenzi, uchawi na ugomvi wa familia, kwa kuwa hadithi za namna hiyo huhitaji sebule, kochi na machozi. Filamu ya mapigano huhitaji helikopta. Nabwana aliichagua hiyo.

4.0 Namna ya kazi

Ni vyema kueleza kwa ufupi jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu ufundi huu umezaa mtindo. Studio ni nyumba ya Nabwana na uwanja unaoizunguka. Kompyuta za uhariri huunganishwa kwa vipuri vya mashine kuukuu, na umeme wa mtaa hukatika bila taarifa. Bunduki, hata ile kubwa ya mitutu mingi, hutengenezwa na fundi wa kikundi, Dauda Bisaso, kwa vyuma chakavu vya kuchomelea. Damu ya majeraha hapo mwanzo ilikuwa damu ya ng'ombe, lakini mwigizaji mmoja alipougua kwa sababu yake, ilibadilishwa ikawa rangi ya chakula, inayotiwa katika mipira ya kondomu na kupasuliwa kifuani kwa kuvuta uzi. Milipuko, moto na helikopta huongezwa baadaye kwa kompyuta, baada ya waigizaji kupigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani.

Waigizaji ni watu wa mtaa na wengine waliosafiri kutoka mbali kwa kuvutiwa na kazi. Hawalipwi mshahara. Filamu ikikamilika hunakiliwa katika diski, nao waigizaji wenyewe huzibeba na kuziuza mlango kwa mlango, kila mmoja akibakiza sehemu ya mauzo yake. Biashara hiyo hufanywa kwa haraka sana, kwani baada ya muda mfupi nakala za wizi huwa zimekwisha kuenea sokoni. Filamu ikiisha kuibwa, kinachobaki ni kutengeneza nyingine. Na ndivyo inavyoelezwa kwamba kikundi kimetengeneza filamu zaidi ya 40.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, uzalishaji huu hauko mbali na ule wa ngoma au wa kikundi cha maigizo ya kijiji: wanaotenda ni majirani wa wanaotazama, na anayemuuzia mtu filamu mlangoni ndiye aliyeuawa ndani yake. Pili, uhaba haufichwi. Mtazamaji huona wazi kwamba bunduki ni bomba, na helikopta ni mchoro. Ngano nayo haimfichi msikilizaji kwamba sungura hasemi; humtaka akubali asemi, kisha huendelea.

5.0 Nani alimwua Kapteni Alex, na nani aliyemwokoa

Filamu iliyomtoa Nabwana Wakaliga na kumpeleka ulimwenguni ni Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimwua Kapteni Alex?, iliyotolewa mwaka 2010. Gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Kisa chake ni hiki. Kapteni Alex, ofisa hodari wa jeshi la Uganda, anatumwa kuliangamiza genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia. Katika mapambano ya kwanza makomando wanamkamata ndugu wa Richard, kiongozi wa genge. Richard anaapa kulipiza kisasi na kuwatuma watu wake wamkamate Alex. Lakini wanapofika, Alex amekwisha kufa. Hakuna anayejua aliyemwua. Ndugu wa marehemu, Bruce U, bingwa wa kung fu, anafika kutafuta ukweli. Genge linateka helikopta na kuushambulia mji kwa mabomu, jeshi linajibu, watu wengi wanaanguka. Filamu inakwisha, na swali lililo katika jina lake halijajibiwa.

Sehemu ndogo ya kuitangaza filamu hiyo, iliyowekwa kwenye mtandao wa YouTube mwaka 2010, ilitazamwa na watu wengi mno duniani. Lakini filamu kamili ilikuwa karibu kupotea. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kuhifadhi filamu mbili; ili kuanza kazi iliyofuata, alilazimika kuifuta ya kwanza. Nakala asilia, yenye sauti za waigizaji peke yake, haipo tena. Iliyonusurika ni ile iliyokwisha kutiwa sauti ya msimulizi, VJ Emmie, na ndiyo iliyotolewa kwa watazamaji wa dunia nzima mwaka 2015, yeye akisimulia kwa Kiingereza.

Herufi VJ, ambazo Waganda huzieleza kuwa ni kifupi cha maneno yenye maana ya mchekeshaji wa video, ni cheo cha mtu anayejulikana sana katika vibanda vya Kampala. Filamu ya kigeni inapoonyeshwa, yeye hushika kipaza sauti na kuieleza kwa Kiganda. Hafasiri tu. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huwasuta waovu, humwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake, hutania watazamaji, husifu pigo zuri, na inapokuwapo nafasi ya kimya huijaza kwa mzaha. VJ Jingo ni mmoja wa waliopata sifa kubwa kwa kazi hii. Jambo jipya alilolifanya Nabwana ni kumpa msimulizi nafasi hiyohiyo katika filamu iliyokwisha kuwa ya Kiganda, ambayo haikuhitaji kufasiriwa. Katika Kapteni Alex, Emmie hutangaza kila mara kwamba kipigo kinakuja, hulitaja jina la filamu katikati ya vita, humcheka mhusika anayekufa, na humsifu mwongozaji mwenyewe.

Hili linathibitisha kwamba msimulizi hakuwapo kwa sababu ya tatizo la lugha tu. Kama kazi yake ingekuwa tafsiri peke yake, filamu ya Kiganda kwa Waganda isingemhitaji. Alihitajika kwa sababu, kwa hadhira ile, kisa kisichokuwa na msimulizi ni kisa nusu. Na mwisho wa yote ni sauti yake iliyoiokoa filamu: picha safi zilifutwa, picha zilizosimuliwa zikabaki.

Inafaa kuongeza kwamba msimulizi wa sinema si mzaliwa wa Kampala peke yake. Huko Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, wasimulizi walioitwa benshi walikuwa mashuhuri kuliko waigizaji. Katika Tanganyika, mradi wa Waingereza wa sinema ya elimu, ulioendeshwa kutoka Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulirekodi maelezo katika santuri kwa lugha mbalimbali za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Katika Kongo ya Wabelgiji wamisionari walizoea kumweka mtu kando ya kitambaa cha sinema awaeleze wenyeji, kwa lugha yao, yanayoonekana. Mtawala alidhani amemweka mtu huyo ili kuilinda maana yake. Lakini mtu mwenye kipaza sauti, anayesema lugha asiyoijua bwana wake, ni vigumu kumlinda. Katika Tanzania ya miaka ya karibuni, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kutia sauti ya Kiswahili katika filamu za kigeni, na nchini Kenya DJ Afro amefanya hivyo kwa Kiswahili chenye rangi ya mtaa wa Nairobi. Wote hawa, licha ya tofauti zao, wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa mafanani wa Kiswahili, na mabanda ya video miongoni mwa majukwaa yake.

6.0 Lugha, askari na kicheko

Sasa yafaa kulirudia swali la mtu wa Nyamitaba. Je, filamu ya namna hii haifanyi mzaha na jambo lisilofaa kufanyiwa mzaha?

Swali si la bure. Watafiti wa vita vya Sierra Leone, vilivyoanza mwaka 1991, wameeleza jinsi wapiganaji vijana walivyoitazama filamu ya First Blood, ambayo shujaa wake ni Rambo, na kuona ndani yake mfano wa kijana aliyetengwa na jamii anayejitegemea msituni kwa akili na silaha yake. Hapo filamu ya mapigano haikuwa mchezo. Ilisomwa kama mafunzo. Mzazi wa Masisi anayemzuia mwanawe asiende kutazama makomando ana sababu zake.

Hata hivyo, filamu za Nabwana zinatofautiana na First Blood katika mambo matatu yanayohitaji kuangaliwa.

La kwanza ni lugha. Katika Uganda, tangu majeshi ya kikoloni, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Chini ya Amin, raia wengi wa Buganda walikisikia kinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na kwa sababu hiyo kikabandikwa jina baya la kuwa lugha ya askari na majambazi. Doa hilo limechelewesha maendeleo yake huko: kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika Kivu mambo yalikuwa kinyume. Chini ya Mobutu lugha ya jeshi ilikuwa Kilingala, na Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya kanisa na ya ujirani. Kisha mwaka 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipoingia Kinshasa, wakazi wa huko wakakisikia Kiswahili kama lugha ya wenye bunduki. Kila mahali, basi, pana lugha ambayo raia huisikia akaingiwa na baridi. Makomando wa Nabwana husema kwa sehemu kubwa Kiganda, lugha ya mama na ya jirani. Amri ya kijeshi ikitamkwa kwa lugha ya jikoni hupoteza nusu ya kutisha kwake. Mtazamaji anamtambua aliye ndani ya magwanda: ni mtoto wa fulani, anayekaa nyuma ya kisima.

La pili ni uwazi wa ubunifu, uliokwisha kuelezwa. Filamu ya Marekani hutumia fedha nyingi ili mtazamaji asione tofauti kati ya risasi ya kubuni na ya kweli. Nabwana hana fedha hizo, na msimulizi wake humkumbusha mtazamaji kila baada ya dakika chache kwamba anatazama filamu. Mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda usiku wa mapigano hawezi kuuchanganya usiku ule na bomba lililopakwa rangi. Anapocheka hausahau usiku wake; kwa muda mfupi anaishika bunduki badala ya kushikwa nayo.

La tatu ni shujaa. Rambo hafi. Kapteni Alex anakufa kabla kisa hakijafika mbali, tena anafia nje ya macho ya mtazamaji, na wanaotafuta kisasi wanapigana bila kuupata ukweli. Huenda mwongozaji hakukusudia zaidi ya mzaha. Lakini hadhira huwa na haki juu ya kisa kuliko mtungaji wake, na katika Masisi swali la nani alimwua fulani, lisilopata jibu kwa miaka mingi huku visasi vikiendelea, si swali la filamu. Hapo kicheko hufika mahali kikasita. Filamu ambayo haimtaji muuaji inasema, pengine bila kutaka, jambo ambalo filamu za mashujaa hazithubutu kulisema: kwamba katika vita vya aina hii hesabu haifungwi kwa risasi.

Haidaiwi hapa kwamba kicheko ndiyo njia pekee. Kivu ina watengenezaji wake waliochagua njia nyingine. Petna Ndaliko Katondolo, mzaliwa wa Goma, aliianzisha Yole!Africa jijini Kampala mwaka 2000, kisha akaihamishia Goma, ambako vijana wengi wamejifunza kushika kamera na ambako lilizaliwa tamasha la filamu la Salaam Kivu. Kazi zake, kama vile Jazz Mama ya mwaka 2010, inayohusu wanawake wa Kongo, haziigizi vita bali huwapa nafasi walioviona. Njia hizo mbili, ya ushuhuda na ya mzaha, zilipita katika jiji lilelile la Kampala na katika miaka ileile, na mtafiti wa sanaa za eneo hili hana sababu ya kuitupa mojawapo.

7.0 Kutoka kibandani hadi ulimwenguni

Sifa ya nje ilileta faida na mashaka. Mwishoni mwa mwaka 2011 Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York aliyekuwa akishughulika na matamasha ya filamu, aliona sehemu ya kuitangaza Kapteni Alex, akasafiri hadi Kampala, na baadaye akahamia Wakaliga na kuwa mshirika na mwigizaji. Mwaka 2015 kikundi kiliomba michango kwa njia ya intaneti. Kiliomba dola 160, kikapata zaidi ya 13,000. Filamu ya Bad Black, ambamo daktari wa Kimarekani aliyeibiwa mali yake anafunzwa ukomando na mtoto mdogo wa mtaani, ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest, Austin, mwaka 2016. Crazy World, kuhusu watoto wanaotekwa na genge lisilojua kwamba watoto hao ni mabingwa wa kung fu, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2019. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya maisha halisi ya Cathryne Czubek, Once Upon a Time in Uganda, kuhusu Nabwana na Hofmanis, na mwaka 2022 kikundi kilialikwa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani, na kuonyesha Football Kommando.

Mashaka ni haya: mtazamaji wa Austin au Kassel anacheka nini? Mtu wa Wakaliga humcheka jirani aliyejifanya jenerali. Mtazamaji wa mbali anaweza kuucheka umaskini wenyewe, na kuudhani uhaba wa vifaa kuwa uhaba wa akili. Hatari hiyo ipo, na haiondolewi kwa tuzo. Lakini hapa pia msimulizi ana kazi. Sauti ya Emmie humtangulia mtazamaji katika kucheka. Humwonyesha pa kuchekea na jinsi ya kuchekea. Anayemcheka mtu aliyekwisha kujicheka hawezi kumdhalilisha, bali hujikuta ameketi benchi moja naye. Vilevile ni vyema kukumbuka kwamba filamu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Zilikwisha kuuzwa mlango kwa mlango, na kuibwa, kabla mgeni hajazisikia.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Nabwana yanaonyesha mzunguko kamili. Filamu ya kigeni iligeuzwa masimulizi na kaka. Masimulizi yaligeuzwa filamu na mdogo wao. Filamu ikarudishwa katika masimulizi na VJ Emmie, na katika umbo hilo ikanusurika. Wanaohofia kwamba video imeiua fasihi simulizi wamelitazama banda kutoka nje, wakasikia bunduki, wasimsikie anayeieleza.

Kwa taaluma ya Kiswahili fundisho ni la vitendo. Ngano zimekusanywa, methali zimekusanywa, tenzi zimehifadhiwa; masimulizi ya mabanda ya video kwa kiasi kikubwa yameachwa yapotee. Kiswahili cha wasimulizi wa filamu, kiwe cha Dar es Salaam, cha Nairobi au cha Goma, kina misamiati, mizaha na mbinu za kuikamata hadhira ambazo kamusi na vitabu vya fasihi havijazisajili. Katika Kivu, ambako nyumba, shule na nyaraka zimechomwa mara kwa mara, kazi hiyo haina muda wa kungoja. Kinachohitajika ni kinasa sauti, ruhusa ya msimulizi, na mwanafunzi aliye tayari kuketi kwenye benchi la banda hadi filamu ikaisha. Kompyuta moja ya Wakaliga haikuwa na nafasi ya filamu mbili, na kilichosalia ni kile ambacho mtu alikwisha kukitia sauti yake.